Az-Zahrawi: Tabibu wa Cordoba Aliyechora Vyombo vya Upasuaji

  Katika safu yetu ya Ijumaa ya leo tunawaletea maisha ya mwanachuoni wa tiba ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia, ila kazi yake ni wachache mno waliopata kuisoma. Naye ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi Al-Ansari, tabibu wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 404 Hijria, sawa na 1013 Miladia. Wazungu wa zama za kati walilipotoa jina lake wakamwita Albucasis, na wengine Abulcasis, na kwa jina hilo wanafunzi wa tiba wa Ulaya walimsoma kwa karne nyingi bila ya wengi wao kujali alikuwa mtu wa dini gani.

Tumemchagua yeye kwa sababu moja. Ukimzuru leo mgonjwa aliyetolewa mfuko wa nyongo wenye mawe, huenda ukaona tumboni pake matundu matatu au manne madogo yaliyofunikwa kwa plasta, badala ya ule mshono mrefu waliotoka nao wazee wetu hospitalini. Upasuaji wa namna hiyo hufanywa kwa vyombo virefu na vyembamba. Tabibu huvishika mipini yake akiwa nje, na ncha zake zikafanya kazi ndani ya mwili. Kukipanga chombo kikae vizuri mkononi, kifike pasipofikika, wala kisimdhuru anayetibiwa, sasa ni elimu inayojitegemea na ina wataalamu wake. Az-Zahrawi aliishughulikia elimu hiyo miaka elfu moja iliyopita, na akatuachia michoro.

Nisba yake yatokana na Madinat az-Zahra, mji ambao Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu, An-Nasir li-Dinillah, alianza kuujenga mwaka 936 Miladia (325 Hijria) kwenye miteremko ya milima, kilomita chache magharibi ya Cordoba. Ulikuwa mji wa kasri, misikiti, mabustani na karakana, na humo yalihamishiwa makao ya dola. Inakisiwa kwamba Az-Zahrawi alizaliwa karibu na mwaka huo huo. Nisba yake nyingine, Al-Ansari, yamnasibisha na wale Ansari wa Madina waliompokea Mtume (S.A.W.), kwani miongoni mwa Waarabu walioingia Andalusia walikuwamo watu wa nasaba hiyo.

Wanahistoria hawakutuachia mengi juu ya nyumba yake, ndoa yake wala watoto wake. Al-Humaydi, aliyeandika tarajama za watu wa Andalusia katika karne ya 5 Hijria, alimtaja kwa mistari michache tu, akamsifu kwa dini, fadhila na elimu. Ibn Hazm, mwanachuoni mashuhuri aliyezaliwa Cordoba mwaka 994, alimdiriki akiwa hai. Naye katika risala yake ya kuzieleza fadhila za Andalusia alikitaja kitabu cha Az-Zahrawi na kushuhudia kwamba katika fani ya tiba hakijatungwa kilichokusanya zaidi. Wapo waandishi wa siku hizi wanaosema kwa mkazo kwamba alikuwa tabibu wa makhalifa, na wengine humwekea hata mshahara. Hayo sisi hatuyatii katika habari zilizothibiti. Mtu mwenye kazi kama yake hahitaji kupambwa.

Kitabu chenyewe chaitwa At-Tasrif liman ajiza anit-taalif, jina ambalo maana yake, kwa kukaribia, ni msaada kwa asiyeweza kujikusanyia kitabu chake mwenyewe. Kina makala 30. Aliyeandika alikuwa mzee aliyekwisha kuifanya kazi ya utabibu kwa karibu miaka 50, na inakadiriwa kwamba alikimaliza karibu na mwaka 1000 Miladia. Makala zilizo nyingi ni za dawa: namna ya kuzichanganya, kuzipima, kuzihifadhi na kuzitumia. Makala ya 30, ambayo ndiyo ya mwisho, ni ya upasuaji, na ndani yake mna milango mitatu. Wa kwanza ni wa kuchoma kwa chuma cha moto, wa pili ni wa kupasua, kutumbua, kutoa damu na kutibu majeraha, na wa tatu ni wa kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha viungo vilivyotenguka. Milango hiyo ina picha za vyombo zipatazo 200. Katika vitabu vya upasuaji vilivyotufikia, hakuna cha kabla yake chenye michoro kama hiyo.

Kwa nini akachora? Jibu limo katika utangulizi wake, nao ni utangulizi wa mtu mwenye huzuni. Aliona kwamba katika nchi yake na katika zama zake kazi ya mikono katika tiba ilikuwa imekufa. Kilichobaki ni maelezo machache katika vitabu vya kale, yaliyoharibiwa na wanakili hata maana zake zikafungika. Sababu ya maafa hayo aliitaja waziwazi: watu waliingia katika kupasua bila ya kuujua mwili, yaani umbo la viungo, mahali pake, na mapito ya mishipa. Kisha akatoa ushahidi wa aliyoyaona kwa macho yake. Alimwona tabibu mjinga akipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akaikata mishipa mikubwa ya damu, na mwanamke yule akafa papo hapo mbele yake. Alimwona mwingine aliyejaribu kumtoa mzee jiwe la kibofu, akalitoa pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee hakumaliza siku tatu. Mwingine alimfunga bandeji ya kubana mno mgonjwa aliyevunjika mguu, mguu ukaoza na mgonjwa akafa. Mwingine tena alichokonoa uvimbe wa saratani uliokuwa umetulia, akauamsha.

Wasomaji wetu waizingatie orodha hiyo. Katika watu wale wanne hakuna aliyeuawa na ugonjwa peke yake. Waliuliwa na mikono iliyoshika chombo bila elimu. Ndiyo maana Az-Zahrawi aliwaandikia wanafunzi wake, ambao aliwaita wanawe, akiwaonya wasivutwe na tamaa ya malipo hata wakaingia katika kazi ambayo mwisho wake hawaujui, na woga wao wa kudhuru uwe mkubwa kuliko hamu yao ya kupata. Kisha ndipo akaanza kueleza vyombo, kimoja baada ya kimoja, kwa ukubwa wake, kwa madini yake, kwa namna ya kukishika, na chini ya maelezo akaweka picha ili mhunzi wa mji wowote aweze kukitengeneza.

Tutazame vichache. Nusukaputi kama tuijuavyo haikuwapo, maana etha ilionyeshwa hadharani katika chumba cha upasuaji, huko Boston, Marekani, mwaka 1846 tu. Mgonjwa wa Az-Zahrawi alikuwa macho, akimtazama tabibu, na mara nyingi hofu ilimfanya aruke kisu kikiwa kimekwisha kuingia. Kwa ajili ya kutumbua majipu alichora kisu alichokiita mikhdaa, neno lenye asili ya kuhadaa. Umbo lake lafanana na kijiti cha kutilia wanja, na katika sehemu yake pana umefichwa wembe mdogo unaotoka na kurudi ndani kwa kusukumwa. Kisu hicho hukaa baina ya vidole, mgonjwa asikione. Alikichora katika saizi tatu: kikubwa, cha kati na kidogo. Hapa tabibu hakufikiria jipu tu. Alifikiria jicho la mgonjwa, na vidole vyake yeye mwenyewe.

Katika kukata mafindofindo aliagiza mgonjwa aketi penye mwanga mkali wa jua na kichwa chake kishikwe, kisha msaidizi aushushe ulimi kwa kibamba chembamba cha fedha au shaba ili tabibu apate kuona. Findo huvutwa kwa kulabu bila ya kuvuta na ngozi ya jirani, kisha hukatwa kwa chombo mfano wa mkasi ambao ncha zake zimepindwa zikaelekeana. Fikiria udogo wa mahali penyewe. Mdomo ni mwembamba, damu yatoka, mgonjwa anakaribia kutapika, na nafasi ya kuingiza vidole haipo. Chombo kilichonyooka kingeziba mwanga. Kilichopinda hupita pembeni na kuacha nafasi ya kuona. Wapasuaji wa leo wanaofanya kazi kupitia tundu dogo wanaijua taabu hiyo vilivyo, maana ni ile ile: jicho na chombo vinapita mlango mmoja.

Kuna pia habari ya mwiba wa samaki kooni, jambo ambalo jamaa zetu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Miongoni mwa njia alizozitaja ni kumezesha kipande cha sponji kilichofungwa uzi madhubuti, kisha kukivuta ili kije na mwiba. Twaitaja hapa kwa ajili ya historia. Mtoto akikwamwa na mwiba nyumbani, apelekwe hospitalini.

Kilichotushangaza zaidi ni kekee yake ya kutoboa fuvu. Mtu akivunjika fuvu na kipande cha mfupa kikaukandamiza ubongo, tabibu hulazimika kutoboa matundu kuzunguka mahali hapo ili akiinue kipande hicho. Hatari iko katika nukta moja: kekee inapomaliza unene wa mfupa, huzama ghafla kwa nguvu ile ile ya mkono iliyokuwa ikiisukuma, na chini yake ni utando wa ubongo. Kila fundi seremala anaijua hali hiyo anapotoboa ubao mwembamba. Az-Zahrawi alieleza kekee isiyozama. Nyuma kidogo ya ncha yake pana duara, mfano wa kola, ambayo ni pana kuliko tundu. Ncha ikishapita, kola huegemea mfupa na kuzuia. Akaagiza ziandaliwe kekee nyingi za namna hiyo, kila moja na urefu wake wa ncha, kwa kuwa mafuvu ya watu hayana unene mmoja. Hapo uangalifu haukuachiwa mkono peke yake, ambao huchoka na hutetemeka. Umeingizwa ndani ya chuma.

Jiwe lililokwama katika njia ya mkojo lilikuwa balaa kubwa zama zile. Mkojo hufunga, mtu hupiga kelele kwa maumivu, na asipotolewa hufa. Njia iliyozoeleka ya kutoa mawe ya kibofu ilikuwa ni kupasua, na waliopona walikuwa na bahati. Kwa jiwe lililokwisha kushuka likakwama njiani, Az-Zahrawi alieleza chombo kiitwacho mishaab. Ni ufito mwembamba wa chuma cha pua, wenye ncha kali ya pembe tatu, uliotiwa katika mpini wa mti. Kwanza tabibu hufunga uzi nyuma ya jiwe, kwa nje, lisije likarudi kibofuni. Kisha huingiza ufito taratibu mpaka uliguse jiwe, akauzungusha kidogo kidogo hata ulitoboe. Mara mkojo hupata njia. Baada ya hapo hulibana jiwe kwa vidole kwa nje, likavunjika, na vipande vikatoka na mkojo. Hapana jeraha lililofunguliwa. Mjini Paris, mwaka 1824, tabibu Jean Civiale alisaga jiwe ndani ya kibofu kwa chombo alichokipitisha katika njia ya mkojo, na wanahistoria wengi huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa upasuaji usio wa kufungua mwili. Chombo cha Civiale kilikuwa kingine na kilifanya makubwa zaidi, hilo twalikubali. Ila fikra ya kuufuata mlango uliopo badala ya kufungua mpya ilikuwa imekwisha kuandikwa na kuchorwa Cordoba karne nane kabla.

Tuongeze kwa ufupi. Alieleza mrija wa fedha wa kutolea mkojo, laini, wenye uwazi ndani, urefu wake kiasi cha shubiri moja na nusu. Alieleza bomba la kusukumia dawa kibofuni, na jingine la masikio. Alieleza kulabu za ncha moja, mbili na tatu, misumeno ya mifupa, na vyombo vingi vya kukwangulia meno, kila kimoja na pembe yake, kwa sababu jino la mbele halikwanguliwi kama la nyuma. Katika kufunga meno yanayolegea alipendelea uzi wa dhahabu kuliko wa fedha, kwa kuwa fedha hubadilika na kuota ukijani baada ya siku. Lakini katika kuchoma alipendelea chuma kuliko dhahabu, ingawa wenzake waliisifu dhahabu. Alieleza kwamba dhahabu kwa wekundu wake haikuonyeshi imefikia moto kiasi gani, hupoa upesi, na ukiizidishia moto huyeyuka. Huyo si mtu aliyechukuliwa na thamani ya kitu. Aliuliza kitu hicho kitafanya nini mkononi mwake.

Katika habari za wagonjwa wake mna rehema nyingi. Kijakazi mmoja alijikata koo kwa kisu. Alipoitwa, Az-Zahrawi alimkuta akikoroma, na pumzi zikitokea kwenye jeraha. Aliona kwamba mishipa mikubwa haikuguswa, akalishona jeraha na kuliuguza mpaka likapona, na dada yule hakubakiwa na athari ila ukwaruzo wa sauti. Kutokana naye akajifunza kwamba kukatwa njia ya hewa si lazima kuwe mauti. Mwanamke mwingine mimba yake ilifia tumboni wala haikutoka, kisha akapata mimba nyingine, nayo ikafa pia. Baada ya muda mrefu akatokwa na jipu karibu na kitovu. Az-Zahrawi alilitibu, na siku moja akatoa mfupa ndani yake, kisha mwingine na mwingine, naye akastaajabu kwa kuwa tumboni hamna mifupa. Alipotafakari akatambua kuwa ni mifupa ya mtoto yule aliyekufa. Mama akaishi.

Kwa wanawake aliweka na adabu. Alijua kwamba mwanamke mwenye jiwe, na hasa binti, huona haya kujifunua kwa tabibu mwanamume, na matokeo yake akafa na maradhi yake. Akaelekeza atafutwe mwanamke mwenye ujuzi, au mkunga, afanye kazi kwa mikono yake huku tabibu akimweleza hatua kwa hatua. Aliandika pia mlango wa kuwafunza wakunga namna ya kumsaidia mzazi mtoto anapokuja vibaya, na akawachorea vyombo vyao, kimojawapo kikiwa cha mbao chenye parafujo mbili, kinachofunguka kidogo kidogo kwa kuzungushwa.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya tabia iliyoenea, ya kumpa Az-Zahrawi kila kitu. Zipo karatasi zinazogawiwa zikidai kwamba yeye ndiye aliyevumbua vyombo vyote 200. Mwenyewe hakudai hivyo. Sehemu kubwa ya upasuaji wake aliijenga juu ya kitabu cha Paulus wa Aegina, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 7 Miladia ambaye maandishi yake yalikuwa yamefasiriwa kwa Kiarabu, na aliwatambua wa kale kuwa ni walimu. Vyombo vingine alivirithi, vingine alivirekebisha, vingine ni vyake. Pia husemwa kuwa alibuni koleo la kumzalishia mtoto. Koleo alilolichora lina meno, na lilikuwa la kumtoa mtoto aliyekwisha kufa ili mama aokoke. La kumtoa mtoto hai lilikuja baadaye sana, likitoka kwa ukoo wa Chamberlen huko Uingereza. Kumsifu mja mwema kwa asilolifanya si kumtendea haki.

Mwisho wa uhai wake ulikuwa mzito. Mwaka 1009 fitna ilizuka Cordoba, Waislamu wakapigana wao kwa wao wakigombea ukhalifa. Madinat az-Zahra, mji alionasibishwa nao, uliporwa na kuchomwa ukiwa haujatimiza miaka 80. Mwaka 1013 Cordoba yenyewe ilitekwa baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu. Katika miaka hiyo ndipo Az-Zahrawi alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Magofu ya mji wake yalianza kufukuliwa mwaka 1911, na mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Kitabu kilitoka salama. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona, akiwa Toledo, aliifasiri makala ya 30 kwa Kilatini, na michoro ikasafiri pamoja na maneno. Guy de Chauliac, mpasuaji mkubwa wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1363 alimtegemea mara nyingi mno. Upasuaji wa Az-Zahrawi ulipigwa chapa Venice mwaka 1497, na mwaka 1778 Oxford wakauchapa kwa Kiarabu na Kilatini pamoja. Upande wa mashariki, tabibu Sharafuddin Sabuncuoglu wa Amasya, katika nchi ya Waturuki, aliandika mwaka 1465 kitabu cha upasuaji kwa Kituruki kwa kumfuata Az-Zahrawi, akakipeleka kwa Sultan Muhammad Al-Fatih. Yeye akaongeza jambo moja tunaloliona kuwa kubwa. Az-Zahrawi alichora vyombo vikiwa peke yake. Sabuncuoglu akachora watu kwa rangi: tabibu ameketi, mgonjwa amelala, mkono umekishika chombo hivi na si vile. Katika picha zake wamo na wanawake wanaowatibu wanawake wenzao.

Turudi sasa kwenye matundu madogo ya plasta. Mwaka 1985 Erich Mühe wa Ujerumani alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo, na baada ya miaka michache njia ikaenea duniani. Hatua ya kwanza mara nyingi ni kuingiza sindano tumboni ili kupuliza hewa ya kaboni, na hatari yake ni ile ile ya kekee ya fuvu: ikishapenya ukuta wa tumbo yaweza kuchoma utumbo ulio nyuma yake. Sindano inayotumika kwa wingi yatokana na aliyoibuni János Veres, tabibu wa Hungaria, aliyeitangaza miaka ya 1930 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Ndani yake mna kijiti butu chenye springi. Ncha kali ikishapita pagumu, kijiti hurukia mbele na kuifunika. Chombo hujizuia chenyewe, kama ilivyojizuia kola ya Az-Zahrawi.

Upande wa mkono, hata hivyo, kazi haijakwisha. Kwa kuwa chombo hupita katika tundu, tundu huwa egemeo, na mpini ukienda kushoto ncha huenda kulia, kama kasia la mashua. Mpasuaji hupoteza pia ile hisia ya vidole iliyomwambia Az-Zahrawi kwamba ufito sasa umeligusa jiwe. Mipini mingi hushikwa kwa kupitisha kidole gumba katika pete ya chuma, na katika miaka ya 1990 matabibu walianza kuripoti ganzi ya kidole hicho, kwa kuwa pete huukandamiza mshipa wa fahamu kwa saa nyingi. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi uliowahoji wapasuaji 726, ukaonyesha kwamba wenye mikono midogo, wanaovaa glavu za namba 6.5 na kushuka, wanapata taabu zaidi katika kutumia vyombo hivyo kuliko wenzao. Miongoni mwa wenye mikono midogo wanawake ni wengi, nao ndio hao ambao Az-Zahrawi alitaka watafutwe kwa ajili ya wagonjwa wenye haya. Saizi zake tatu alizipanga kwa kuutazama mwili wa anayetibiwa. Mkono wa anayetibu nao haujapangiwa saizi zake mpaka leo, na hospitali nyingi bado hununua mpini wa aina moja kwa matabibu wote.